Matambara ya Mzee Luhende

Mkiitwa kukagua trela lenye jiko la gesi, msiingie mkasimama katikati na kuvuta pumzi kama watu wanaonusa pilau ya jirani. Inameni. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi, inashuka. Inatambaa sakafuni na kujaa chini ya kitanda na chini ya kabati, na wewe uliyesimama unasema pako salama kwa sababu pua yako iko juu. Ndiyo maana trela lililotengenezwa vizuri lina tundu sakafuni, karibu na jiko, ili gesi ikivuja ishukie nje. Anzeni na tundu hilo. Mara nyingi mtalikuta limezibwa.

Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na miwili, hapa Kahama. Nimeiacha kwa sababu magoti yamekataa kuinama, na fundi wa gesi asiyeinama ni bure. Vijana wa karakana walitaka nije niwasimulie siku moja mchana, wote wakiwa wamekaa. Nikawaambia nitaandika. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito kwenye karatasi, lakini karatasi hainiangalii usoni. Kusema mbele ya watu sikujaliwa. Hilo nalo mtaliona huko mbele.

Matrela yetu hayakuwa ya watalii, ingawa mengine yalianzia kwa watalii huko yalikotoka yakanunuliwa yakiwa yamechoka. Yalikuwa ya watu wa kuchoronga, wale wanaotoboa ardhi kutafuta dhahabu, leo pori hili, kesho pori lile, mpaka Geita. Trela moja la vitanda, jingine la jiko, mtungi wa gesi umefungwa mbele kwenye chuma cha kuvutia. Likitoka porini linakuja kwetu limejaa vumbi jekundu kila mahali. Sisi tunalisafisha, tunalikagua, linarudi.

Kwa ajili ya vumbi hilo, wapishi waliziba tundu. Usiwacheke. Ukipika wali kando ya barabara zetu kiangazi, vumbi linapanda kupitia sakafuni kama moshi. Masika ni nyoka. Mpishi mmoja alimkuta nyoka amejikunja juu ya gunia la unga, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeweza kumweleza habari za uzito wa gesi. Aliziba kwa kipande cha blanketi.

Bwana mkubwa wangu, Mzee Luhende, hakuwa mtu wa kugombana na wapishi. Alichomoa tambara, akafunga tundu kwa wavu wa shaba wenye macho madogo, nyoka asipite, vumbi lipungue, gesi itoke. Kisha alilichukua lile tambara akaenda kulitundika kwenye waya aliokuwa ameuvuta ukutani mwa karakana, kutoka dirishani mpaka mlangoni. Matambara yalikuwa mengi. Kipande cha blanketi, soksi, mkono wa shati la shule, kitenge chenye picha za kuku. Mpishi akija kuchukua trela lake alioneshwa lake. "Hili ni la kwako. Likae hapa lisirudi kule." Watu walicheka, lakini wachache walirudia.

La kwanza kabisa katika waya ule, pale dirishani, lilikuwa kipande cha gunia kilichokauka kwa saruji, kigumu kama ngozi. Hatukujua ni la trela gani. Lilikuwepo kabla yetu.

Mzee Luhende alikuwa fundi mwashi kabla ya kuwa fundi gesi. Ujana wake aliutumia Mwadui akijenga na kukarabati nyumba za wafanyakazi. Kutoka kwenye uashi alikuja na kitu kimoja tu, mpira wake wa maji. Mnaujua, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, waashi wanautia maji ili wajue kama msingi umekaa sawa pande zote. Mimi nilipofika pale nikiwa mtu mzima na mtoto mmoja, nimetoka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, nikiwa na kifua kibovu na mfuko mtupu, nilimkuta ameukunja mpira ule kama herufi U, ameupigilia kwenye ubao, amechora mistari kwa kalamu ya seremala. Nikadhani wanajenga ukuta.

Hapana. Alichomeka ncha moja ya mpira kwenye kichwa cha jiko, akafungua gesi, na maji upande wa pili yakapanda kiasi cha futi moja. Gesi ilikuwa inayasukuma. Halafu akafunga koki ya mtungi. Akafungua jiko kidogo sana maji yakashuka vidole viwili, akafunga tena. Akaketi. Akatoa matobolwa mfukoni, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo huwezi kuvitafuna kwa haraka hata ukiwa na meno ya fisi. Alikula matano, moja baada ya jingine. Ndiyo ilikuwa saa yake. Akimaliza la tano na maji bado yapo kwenye mstari, bomba ni zima. Yakishuka, kuna mahali gesi inatoka.

Nilipenda sana kitu kile. Hakuna umeme, hakuna betri, mpira wa kujengea choo unakwambia habari ya kitu usichokiona. Siku hizi mna kifaa kidogo kinacholia, nami sikikatai, nilikitumia miaka yangu ya mwisho. Lakini kifaa kinalia pale unapokielekeza. Mpira wa maji unapima bomba zima, hata sehemu usiyojua kwamba ipo.

Kuhusu pua, Mzee alikuwa na maneno yake. Alisema pua ni shahidi mzuri kwa dakika moja ya kwanza, baada ya hapo inazoea. "Wewe umekulia kwenye ng'ombe, Baba Neema. Uliwahi kusikia harufu ya zizi la kwenu?" Nikafikiri. Kweli, sikuwahi. Wageni ndio walioisikia. Kwa hiyo alitufundisha tusinuse tukiwa ndani. Unatoka nje, unapumua hewa safi, unainama chini ya trela, unanusa pale kwenye tundu la sakafu. Mara moja. Basi.

Na kiberiti je? Kuna mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini tusipitishe tu kiberiti kwenye maungio, maana huko alikotoka walifanya hivyo. Mzee hakukasirika. "Ukitafuta kwa kiberiti utapata," alisema. "Ila hutakuwa na wa kumwambia kwamba umepata."

Tulitafuta kwa povu. Sabuni ya mche inakwanguliwa, inalowekwa kwenye maji ya vuguvugu mpaka iwe kama uji mwepesi, halafu inapakwa kwa nyoya la bawa la kuku. Brashi inaruka pembe, nyoya linaingia mpaka nyuma ya nati. Pakeni pande zote za ungio, hasa upande wa nyuma msiouona, kisha subirini. Uvujaji mkubwa unatoa povu kubwa mara moja. Ule mdogo unajenga kijipovu kimoja, kinakua, kinakua, na wewe umeshageuka kuondoka. Na mkimaliza, futeni sabuni yote, isibaki ikala shaba.

Sasa nifike kwenye siku ninayotaka muijue.

Mama Shija alikuwa mpishi wa kambi moja ya kuchoronga mbele ya Kakola, ukielekea Geita. Kile kitenge chenye picha za kuku kwenye waya kilikuwa cha kwake. Mwanamke wa maneno makali na mkono mwepesi, anapikia watu kumi na wanane, na hulala mlemle kwenye trela la jiko, kwenye kitanda cha ukutani. Trela lake la zamani lilikuwa limekwisha. Likaja jingine, lililofikia Isaka kwa treni, likakokotwa mpaka kwetu. Lilitakiwa liwe njiani saa sita mchana.

Mzee Luhende alikuwa msibani. Nilibaki mimi, na kwa mara ya kwanza trela zima lilikuwa mikononi mwangu. Dereva Maganga alikuwa ameshalifunga kwenye lori, anapiga honi kila nikiinua kichwa. Mama Shija alikuwa ameshapakia magunia ya dagaa waliotoka Chato na trela lote lilinuka ziwa. Ningemwambia Maganga anyamaze, au aende akanywe chai, mambo yangekwenda vizuri. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kuona haya. Mtu akinipigia honi, nilikimbia.

Nikachomeka mpira, nikafungua gesi, maji yakapanda. Nikakaa. Nilikula matobolwa matatu, si matano. Maji yalisimama kwenye mstari kama yamegandishwa. Nikafurahi. Nikaandika kwa chaki ubavuni mwa trela neno letu, LIMEPIMWA, nikaenda mbele kufunga koki ya mtungi kwa ajili ya safari, kama sheria inavyotaka, nikawapungia mkono.

Saa nane nilikuwa nakunja mpira niuanike. Kazi ya mikono tu, akili imetulia. Nikaikumbuka ile koki. Niliizungusha kuifunga lori lilipokuwa linaondoka. Mizunguko mingi. Sasa kama niliifunga wakati wa kuondoka, basi wakati wa kupima ilikuwa wazi.

Nikasimama pale na mpira mkononi. Mkipima mtungi ukiwa wazi hampimi kitu. Bomba likivuja, mtungi unaongeza, maji yanabaki juu, yanakudanganya usoni. Ni sawa na kupima kama ndoo inavuja huku bomba linaimiminia maji. Na ile hatua ya kushusha maji vidole viwili, ambayo ingeniumbua palepale maana maji yangerudi juu yenyewe, niliiruka kwa sababu ya honi.

Nilimpigia Maganga, hapatikani. Mama Shija, hapatikani. Kule wakati ule mtu alipanda juu ya kichuguu ndipo apate mtandao. Nikajiambia huenda bomba ni zima. Trela lililotoka mbali namna ile, lina rangi nzuri, kwa nini livuje? Nikajiambia hivyo mara nyingi. Kila mara nilimwona Mama Shija anawasha kiberiti, amesimama ndani ya harufu ya dagaa ambayo ingeficha kila kitu.

Mzee alirudi saa tisa kasoro, amevaa koti la msibani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaona uso wangu akasubiri. Nilichukua muda mrefu kumwambia jambo fupi.

Aliniuliza moja tu. "Mtungi uliufunga kabla hawajaondoka?"

"Niliufunga."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu, Mzee. Ndiyo maana nimejua."

"Basi tuna muda mpaka Mama Shija atakapoufungua. Chukua mpira na sabuni."

Tukaingia kwenye pikapu ya karakana. Njia nzima nilingoja anigombeze, na angenigombeza ningepumua. Aliendesha kwa kasi ambayo sikuwahi kumwona nayo, koti bado mwilini. Tulipokaribia kambi tuliona moshi juu ya miti. Moshi mwingi, mweupe. Niliuona, naye aliuona. Akashusha gia, akakanyaga mafuta.

Ulikuwa moshi wa kuni mbichi. Mama Shija alikuwa amekaa kwenye kigoda uwanjani, sufuria kubwa juu ya mafiga matatu, machozi yanamtoka kwa moshi. Mlango wa trela ulikuwa wazi, madirisha wazi, magunia ya dagaa yametolewa nje. Watu wa kuchoronga wamekaa kandokando wakisubiri ugali.

"Mwadila, mayu," Mzee akamsalimu kwa salamu ya mchana ya kwetu.

"Mwadila, baba. Mmekuja kula, au mmekuja kunichanjia kuni?"

Akatueleza huku anasonga. Alifungua mtungi, lakini kabla ya kuingia alikwenda chini ya trela akainama kwenye tundu, akanusa mara moja, kama alivyoelekezwa siku alipooneshwa kitenge chake kwenye waya. Harufu ilimpiga. Akafunga mtungi, akatoa kila kitu, akawasha kuni umbali wa kutosha. Nilikaa chini.

Maganga alikuwa pale na kikombe chake cha chai. "Ni barabara, Mzee," alisema. "Pale korongoni trela liliruka kama mbuzi. Hata meno yangu yamelegea, sembuse nati."

Watu wakacheka. Msimamizi wao akasema basi mkaze hiyo nati, kesho tule kwa gesi. Hakuna aliyeniangalia. Neno LIMEPIMWA lilikuwa pale ubavuni, limeshikwa na vumbi, na kila mtu alishajua wa kumlaumu. Barabara haina mdomo. Nilimtazama Mzee Luhende. Alikuwa anafungua vifungo vya koti, polepole, anaangalia chini. Angeweza kusema yeye. Hakusema.

"Sio barabara," nikasema.

"Unasemaje?" Maganga hakusikia. Nilikuwa nimesema kwa sauti ya kuongea na kiatu.

Nikasimama. "Sio barabara. Nilipima mtungi ukiwa wazi. Sijui kama inavuja tangu Isaka au tangu korongoni, kwa sababu sikuipima. Niliandika kwamba nimepima."

Mama Shija aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Kisha mmoja wa wachorongaji, kijana wa Tarime, akasema taratibu, "Kumbe leo tulikuwa tupikwe sisi." Wachache walicheka, wengine hawakucheka.

Mzee akaniletea mpira. "Pima," alisema.

Nilipima mbele yao wote, hatua kwa hatua. Safari hii nilifunga koki nikamwita Mama Shija aje aiguse mwenyewe. Nikashusha maji vidole viwili. Mzee akagawa matobolwa kwa kila aliyetaka. Hatukufika la pili. Maji yalikuwa yanashuka kila mtu akiyaona, hata Maganga alichuchumaa na kikombe chake kuyatazama. Nikapaka povu. Nyuma ya jiko, mahali ambapo mkono unaingia kwa shida, ungio moja lilitoa mapovu kama mdomo wa ng'ombe anayecheua. Nilipolifungua, mdomo wa bomba la shaba ulikuwa na ufa wa zamani, mweusi, uchafu umeshaingia ndani yake.

"Kwa hiyo barabara yangu haina kosa," Maganga akasema.

"Ina makosa mengi," Mzee akamjibu. "Ila si hili."

Tulikata ule mdomo, tukatengeneza mwingine, tukakaza, tukapima upya. Matobolwa matano. Maji hayakutoka kwenye mstari. Tukapakuliwa ugali na wale dagaa, nami nilikula nikiangalia sahani yangu. Tulipokuwa tunapakia vyombo, Mama Shija alimfuata Mzee.

"Kuanzia leo trela langu apime huyu," akasema, akininyooshea mwiko.

Maganga akashangaa. "Huyu aliyetaka kukuunguza?"

"Huyuhuyu. Huyu akikosea nitaambiwa."

Nilimpimia miaka tisa, mpaka alipoacha kazi akarudi kwao.

Kesho yake asubuhi niliingia karakana mapema nikidhani labda leo ndio nitaambiwa niende zangu. Mzee alikuwa amesimama kwenye waya wa matambara, mkasi mkononi. Akaniomba leso yangu. Nikampa. Akakata kona moja, akaitundika mwishoni, karibu na mlango, akanirudishia leso iliyobaki. Alifanya kwa uangalifu, kama mtu anayepanga tofali.

Nikapata ujasiri, maana alionekana mpole. Nikamwuliza lile la dirishani, gunia la saruji, ni la mpishi yupi.

"Sio la mpishi," alisema. "Ni langu."

Nikangoja. Akalinyoosha lile gunia kwa vidole viwili, ingawa halikuwa limepinda.

"Mwaka wangu wa kwanza. Nami nilipima koki ikiwa wazi. Nilijua kabla ya jioni, kama wewe ulivyojua." Akachukua ndoo. "Mimi sikusema. Mama mpishi wa trela lile aliungua mikono yote miwili."

Akatoka nje kuchota maji ya sabuni. Mimi nikachukua kipande cha mche nikaanza kukwangua.